Muhtasari wa Nyumbani

Shuleni, Kajiado
Jumapili, 15 Februari 2004

Kaka Masila,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi chini na si juu ya mlingoti wa antena. Mimi sijambo. Kikohozi nilichotoka nacho nyumbani kimekwisha. Mvua haijanyesha hapa tangu tufungue shule, na vumbi linaingia hadi ndani ya masanduku yaliyofungwa kwa kufuli. Maji tunapewa ndoo moja kwa wasichana wawili. Mimi nashiriki na Resian, ambaye kwao ni upande wa Illasit na kitanda chake kiko juu ya changu. Habari za bibi yetu, Susu? Magoti yake yanamsumbua bado? Na yule kuku wake mweupe ameacha kutagia ndani ya kikapu chako cha nyaya?

Sasa jambo lililonifanya niandike. Shule imepewa kompyuta, na Mwalimu Ouma, anayetufundisha hesabu, ameanzisha chama. Siku ya Wazazi ni tarehe 24 Julai, na kila chama kitaonyesha kitu. Aliuliza ni nani ana jamaa anayefanya kazi na kompyuta. Nikasema kaka yangu huunganisha kompyuta za kampuni ya maua Kitengela. Akasema, "Basi Mwelu atatueleza mtandao mkubwa unagawanywa vipi ili usijichanganye. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

Resian alinifinya chini ya meza, kwa maana alijua sikuwa na habari nimekubali nini.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, unieleze, kwa maneno ambayo hata mtu asiyewahi kugusa kompyuta ataelewa. La pili, umlete Susu tarehe 24. Unakumbuka nilipokuja Form One alinisindikiza hadi stendi, akasema yeye hatasafiri kuja kutazama majengo, atakuja siku nitakapokuwa na jambo la kusema. Huu ni mwaka wangu wa mwisho na sasa ninalo. Nataka aketi mstari wa mbele.

Dada yako,
Mwelu


Kitengela
2 Machi 2004

Mwelu,

Tuko salama. Barua yako ilikaa ofisini wiki nzima kwa sababu msimu wa maua mekundu ya Valentine ulituachia kazi nyingi na hakuna mtu alikuwa anafungua barua. Kuku bado anataga kwenye nyaya. Sasa amefundisha mwingine.

Susu amesimama nyuma yangu na anataka niandike maneno yake kabla ya yangu. Anasema: "Muulize, anakula? Mwambie ile shingo ya mbuni niliyoiona Desemba sikuipenda." Nimemwambia hii barua ni ya kompyuta. Amejibu kompyuta haina tumbo, ndiyo maana haina akili.

Haya. Ruta ni kisanduku kinachoamua ujumbe upite njia gani. Tulipokuwa na shamba moja tu hapa Kitengela, kila ruta ilijua ramani ya mtandao wote. Halafu kampuni ikanunua shamba Isinya, na lingine Entarara, kule kwa Shangazi Mutindi. Ramani ikawa kubwa. Kibarua akikata waya na jembe Isinya, habari lazima ifikie kila ruta mpaka Entarara, na kila moja inaacha kazi inachora ramani upya. Mwezi uliopita waya mmoja mbovu ulikuwa unazima na kuwaka asubuhi nzima, na ruta zote zikashinda zikichora. Maua yako kwenye lori, karatasi za kuyasafirisha kwa ndege hazitoki.

Sasa nagawa. Kila shamba linakuwa eneo lake. Ruta za Isinya zinajua kila kona ya Isinya, basi. Katikati, hapa Kitengela, kuna eneo la kati ambalo kila eneo lazima liliguse. Na mpakani naweka ruta moja yenye mguu huku na mguu kule. Hiyo haipeleki ramani ya ndani. Inasema tu: "Mambo yote ya Isinya nileteeni mimi." Habari za ndani zinabaki ndani.

Susu amesikia tarehe 24. Ameshatoa leso ya kijani sandukuni na kuianika nje, na Julai iko mbali. Anasema usiongee haraka siku hiyo.

Masila


Shuleni, Kajiado
Jumapili, 23 Mei 2004

Kaka Masila,

Nakusalimu, na namsalimu Susu. Nilifika salama baada ya likizo. Ule mfuko wa ndengu alionipa tulimaliza siku ya pili, maana Resian ana ndugu wengi shuleni ambao si ndugu zake. Mwambie hivyo, atacheka. Mvua imenyesha hapa na nyuma ya bwalo kumeota majani. Nyumbani je? Bati lile la jikoni bado linavuja?

Nimefanya jaribio la maelezo yako na ningependa Susu asomewe sehemu hii.

Tuna mabweni matatu: Chyulu, Namanga na Amboseli. Kwanza tulijaribu bila kugawa. Kila mwanachama alipewa karatasi ya kuandika kila msichana yuko bweni gani na kitanda kipi. Kisha Mwalimu Ouma akawa anahamisha mmoja mmoja, na kila anapohama, sote lazima tuambiwe na tubadilishe karatasi. Tulipomaliza kuandika wa kwanza, alikuwa amehama tena. Soila alitupa kalamu akasema, "Mwalimu, huyu aolewe tujue anakaa wapi."

Halafu tukagawa. Mlangoni mwa kila bweni tukaweka msichana mmoja anayejua vitanda vya ndani, na bwalo likawa eneo la kati. Bwaloni hakuna aliyejua vitanda. Walijua milango mitatu tu. Soila, ambaye ndiye mlango wa Amboseli, kazi yake ilikuwa kusema, "Wote wa Amboseli wapo, leteni kwangu." Ujumbe ulitoka Chyulu ukafika kitandani Amboseli kabla Mwalimu hajamaliza kufuta ubao. Alisimama akiwa na dasta mkononi akasema, "Hebu rudieni." Tulirudia mpaka kengele ya chakula.

Ninaandika hotuba yangu polepole. Nimeweka mahali pa kupumua, kama Susu alivyosema.

Mwelu


Kitengela
6 Juni 2004

Mwelu,

Nyumbani wote ni wazima. Susu anakusalimu.

Jaribio lenu ni zuri. Kile Soila anachosema mlangoni kinaitwa muhtasari. Bila hicho kugawa hakuna maana.

Likizo fupi ya midterm usije. Wiki hiyo niko Entarara kusimamisha mlingoti, na nyumba itakuwa imefungwa. Nimempigia mwalimu wenu mkuu, amekubali ubaki.

Kuhusu tarehe 24 tutaona. Soma.

Masila


Shuleni, Kajiado
Jumapili, 20 Juni 2004

Kaka Masila,

Natumaini mlingoti umesimama na umerudi salama. Mpe Susu salamu zangu.

Shule ikiwa tupu inasikika vingine. Mlango wa choo ukigonga, unausikia hadi darasani. Tumebaki wasichana tisa, na mpishi, Bwana Kimeu, ambaye anatupikia kwenye sufuria ndogo ya nyumbani kwake kwa sababu ile ya shule, anasema, itatuaibisha. Resian amebaki kwa sababu nauli ya Illasit kwa siku nne si ya kuchezea. Jioni tunakaa kwenye ukuta wa tangi tukitazama lori za saruji zikielekea Namanga. Jana alinifundisha kumsalimu mama mzee kwa Kimaasai. Unasema "takwenya", naye anaitika "iko". Tulisalimiana hivyo mpaka tukachoka, mara mimi mzee, mara yeye.

Nina tatizo la jaribio. Alhamisi, kabla wengine hawajaondoka, tulirudia. Resian hakuwepo. Alikuwa akiumwa na jino tangu asubuhi na amelazwa chumba cha wagonjwa. Msichana wa Chyulu akamtumia ujumbe. Bwaloni wakauliza, na Soila akajibu kama kawaida, "Wote wa Amboseli wapo." Karatasi ikaja, ikawekwa juu ya blanketi la Resian, ikakaa hapo. Yule wa Chyulu alingoja jibu, akakasirika, akasema Resian anaringa.

Nikamwendea Soila. "Mbona umesema wote wapo?"

"Si wewe uliniambia niseme hivyo?"

"Lakini Resian hayupo."

"Sasa mmoja akikosa, Amboseli imehama? Wako. Mlango uko wazi. Ulitaka niimbe jina la kila mtu?"

Usiku huo nilifikiri, nikaona hakukosea. Alifanya vile hasa nilivyomfundisha. Tafadhali nieleze, kwenye mtandao wa kweli mnafanya nini? Mtu wa mbali atajuaje kwamba mmoja wa ndani hayupo, ikiwa mlango unasema wote wapo?

Jambo lingine. Uliandika kwamba nyumba itakuwa imefungwa. Susu alikuwa wapi?

Mwelu


Shuleni, Kajiado
Jumapili, 4 Julai 2004

Kaka Masila,

Naamini huna ugonjwa wowote, na kwamba ni kazi tu. Sisi tuna mtihani wa majaribio wiki ijayo. Simu ya shule ni mbovu tangu midterm.

Sijapata jibu lako, kwa hiyo nimezisoma upya barua nilizo nazo. Hii ya Machi, Susu anaongea ndani yake. Anataja shingo yangu, anagombana na kompyuta, anataka nisiongee haraka. Hii ya Juni inasema, "Susu anakusalimu." Nimeishi na Susu tangu tulipofiwa na wazazi na sijawahi kumsikia akimsalimu mtu kwa maneno mawili. Tangu nirudi shuleni mwezi wa Mei, Susu hajauliza kama ninakula.

Nimejaribu kujiambia kwamba ulikuwa na haraka. Huenda ni hivyo, na kama ni hivyo nitafurahi na kuomba msamaha. Lakini nakuomba usiniambie wote ni wazima. Niambie mmoja mmoja. Niambie magoti. Niambie leso ya kijani iko wapi, na kuku wanalishwa na nani. Niambie Susu analala wapi. Nikipata nusu ya habari, hiyo nusu nyingine naijaza mwenyewe kitandani, na ninavyoijaza ni vibaya.

Bado ninamwekea kiti.

Mwelu


Kitengela
11 Julai 2004

Dada yangu Mwelu,

Barua zako mbili ninazo. Ile ya kwanza niliisoma nikiwa juu ya paa la banda la kufungia maua, nikaikunja nikaiweka mfukoni. Kazi haikuwa nyingi.

Nianze na swali la jaribio. Muhtasari uko hivyo, na mara nyingi tunaupenda kwa sababu hiyo. Mashine moja ikizimika ndani, huko nje hakuna anayesumbuliwa. Ubaya wake ndio huo umeuona: ujumbe unaendelea kwenda mlangoni na kufia ndani, na aliyeutuma hajui. Lakini kuna njia. Ile mashine ambayo huwezi kukaa bila kujua hali yake, unaiambia ruta ya mpakani iitangaze peke yake, nje ya muhtasari. Sisi tunafanya hivyo kwa mashine ya chumba cha baridi, maana ikizimika maua yanaoza. Ikianguka, tangazo lake linaondoka, na kila eneo linajua. Ni kazi zaidi na kelele zaidi, ndiyo maana hatufanyi kwa zote.

Sasa Susu.

Wiki moja hivi baada ya wewe kwenda shule nilimkuta asubuhi ameketi chini kando ya banda la kuku, sufuria ya mashudu imemwagika, na mdomo umeenda upande. Ni kiharusi. Jirani yetu Elphas alituchukua kwa pickup hadi hospitali. Alilazwa, akatoka. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havifanyi kazi. Hasemi. Anatoa sauti, lakini maneno hayako ndani. Mimi natoka alfajiri na kurudi usiku, na mgonjwa wa hivyo anataka mtu wa kumgeuza, kwa hiyo Shangazi Mutindi akaja akamchukua. Yuko Entarara.

Shangazi alisema usiambiwe. Unajua kwetu, mtoto wa mtihani haambiwi. Mimi nilipokuwa darasa la nane, Mama alizikwa nikiwa sijui. Walikuja jamaa watatu siku nilipoweka kalamu chini, wamevaa suti, nikafikiri ni wageni wa shule. Nilijua inavyokaa, na bado nikakufanyia hivyo hivyo.

Kuku nawalisha mimi. Leso ya kijani iko kwenye msumari nyuma ya mlango, sijaigusa. Magoti sijui, kwa sababu hata mimi habari za Entarara napata kwa muhtasari. Shangazi anapanda kilimani penye mtandao wa simu, anasema, "Mama ni mzima," simu inakatika. Juni nilipoenda kusimamisha mlingoti nilikaa naye kidogo, nikasema mafundi wananingoja. Hawakuwa wananingoja. Usiku nikifika hapa nawasha redio, si kusikiliza, ni ili kuwe na mtu anaongea.

Tarehe 24 nitakuja. Utaniona mimi peke yangu.

Masila


Shuleni, Kajiado
Alhamisi, 15 Julai 2004

Kaka Masila,

Barua yako imefika jana. Pole kwa kazi ya kubeba haya yote peke yako. Naandika hivyo kwanza ili usifikiri hii ni barua ya hasira. Jana ilikuwa siku ya hasira. Nililia nyuma ya tangi na Resian akakaa nami, halafu akaniambia nimekosa chai na yeye ameninywea.

Asante kwa kuniambia mmoja mmoja.

Nimefikiri usiku kucha na nina ombi jipya badala ya lile la Februari. Usije tarehe 24. Najua umeshaomba ruhusa kazini, na nitakuwa msichana pekee wa mstari wa mbele asiye na mtu, lakini nimeamua. Ruhusa hiyo itumie kwenda Entarara. Nimeinakili hotuba yangu yote na kuiweka ndani ya bahasha hii. Mimi nitaanza kusema saa nne asubuhi. Saa nne hiyo hiyo nataka uwe umeketi karibu na Susu ukimsomea, polepole, na upumue mahali nilipochora mstari.

Umeandika kwamba hasemi. Hukuandika kwamba hasikii.

Mwenyewe alisema atakuja nikiwa na jambo la kusema. Sasa hawezi kuja, kwa hiyo jambo limfuate. Usikae kidogo. Ukimaliza kusoma uendelee kukaa, kisha uniandikie ulichokiona, hata kama ni kibaya. Usinifupishie.

Mchukulie na leso yake.

Mwelu


Entarara
Jumamosi, 24 Julai 2004

Dada Mwelu,

Naandikia hapa hapa kwa Shangazi, juu ya gunia la mahindi, ili nisisahau na nisipunguze.

Wamemweka chumba cha upande wa mfereji. Dirisha ni dogo, lakini asubuhi mlima unaonekana wote kabla mawingu hayajaushika. Analala juu ya mito miwili, upande wa kushoto. Shangazi amemsuka nywele. Amekonda usoni, na jicho la kulia linatoa machozi bila yeye kulia. Kidole gumba cha mguu wa kulia kina kidonda kinachopona. Magoti hayamuumi, au hawezi kusema kwamba yanamuuma. Anakunywa uji kwa kijiko. Ukimpa chai isiyo na maziwa anaifungia mdomo, kwa hiyo huyo ni Susu bado.

Nilipoingia alinitazama muda mrefu. Nikatandaza leso juu ya miguu yake. Mkono wa kushoto ukaishika pindo, na mpaka naandika haujaliachia.

Saa nne nilianza. Shangazi alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Alisema, "Unamsomea mambo ya kompyuta? Mgonjwa?" Nikasema nimetumwa. Nilisoma nilivyoelekezwa. Mahali pa kupumua nilipumua. Susu alikuwa amefumba macho na nilifikiri nasomea ukuta. Lakini nilipofika pale Soila anapotaka yule msichana aolewe, upande wa kushoto wa mdomo wake ulisogea. Shangazi naye alicheka, maharagwe yakamwagika. Nikasoma tena pale.

Niliendelea. Ile sehemu ya mwisho, kuhusu Resian na karatasi iliyokaa juu ya blanketi, sauti yangu haikuwa nzuri. Nilimaliza hata hivyo. Nikakaa. Sikusema naitwa na mafundi.

Baada ya muda alianza kuhangaisha mdomo. Shangazi akasema, "Anataka maji." Tukaleta maji, akayasukuma. Shangazi akasema anataka kugeuzwa. Tukamgeuza, akakasirika, tukamrudisha. Alikuwa ananitazama mimi. Neno lilitoka nusu, likapotea. Akapumzika, akajaribu tena, na mara ya tatu tulilisikia sote wawili.

Alisema, "Anakula?"

Shangazi akauliza, "Nani, Mama? Nani anakula?" Hakuweza kuongeza. Mimi sikuhitaji aongeze.

Ni neno moja. Daktari wa kliniki alisema huenda hata hilo lisije, na sijui kama kutakuwa na lingine. Nakuandikia kama lilivyokuwa. Tumekubaliana na Shangazi nitakuja hapa Jumamosi zote ambazo si zamu yangu, na inayofuata ni tarehe 7. Nitumie jibu. Nitampelekea mwenyewe, mdomoni kwangu, si kwa kupitia mtu.

Kakako,
Masila


Shuleni, Kajiado
Jumapili, 1 Agosti 2004

Kaka Masila,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye mstari wa chakula, halafu nikashindwa kusogea, na walio nyuma wakaanza kunisukuma. Nimemsomea Resian mara mbili. Soila amesikia kwamba Susu alicheka kwa ajili yake na sasa hatuwezi kukaa naye.

Tarehe 24 nilisema polepole. Kiti cha mbele niliwekea sweta yangu. Mama mmoja alitaka kukikalia, na Mwalimu Ouma akamwambia kina mwenyewe. Nilipomaliza, mzee mmoja, baba wa mtu, alisimama nyuma na kuuliza swali moja tu: yule msichana wa jino, ile karatasi ilimfikia? Nikamwambia ilimfikia kesho yake, Soila alipoichukua kitandani na kuipeleka kwa mkono chumba cha wagonjwa. Akasema, "Basi ni sawa," akaketi. Saa hiyo nilijua wewe ulikuwa unasoma. Watu walipiga makofi na mimi nilikuwa natazama sweta.

Sisi wa Kidato cha Nne tutabaki shuleni hadi tarehe 20, kisha naomba nije moja kwa moja Entarara kabla ya Kitengela. Hilo tutapanga. Lakini jibu la Susu lisinisubiri mimi. Mpelekee Jumamosi hii, na umsomee lote:

Susu, ninakula. Asubuhi ni uji na hauna sukari ya kutosha, lakini naumaliza. Saa sita ni maharagwe na mahindi, na Jumatano kuna kabeji. Jumapili tunapata wali na nyama, kipande kimoja, na Resian hali mafuta kwa hiyo mafuta yake ni yangu. Ndengu zako ziliisha siku ya pili na wasichana sita wanakushukuru kwa majina: Resian, Soila, Naserian, Mumbua, Silantoi na Ndinda. Chai nakunywa ya maziwa. Siku moja ya Julai nilikosa chai kwa sababu ya kulia, lakini ni siku hiyo moja tu. Jana Bwana Kimeu alinipa ukoko wa sufuria nikaula wote nikiwa nimesimama.

Na shingo niliipima kwa uzi. Haijapungua. Uzi huo nimeuweka ndani ya bahasha, Masila akufungie kwenye pindo la leso, mkono wa kushoto, uushike.

Mwelu